Kona: maswali yasiyoisha ya wachezaji, makocha na mashabiki

Maswali haya nimeyaokota pembeni mwa uwanja. Mengine ni ya vijana ninaowafundisha hapa Dar es Salaam, mengine ya makocha wenzangu wa mchangani, na mengine ya wazee wa kijiweni ambao kona ikipotea wanasema "afadhali wangepiga fupi", na ikipigwa fupi wanasema "si wangeumwaga tu ndani".

Maneno machache yatajirudia. "Boksi" ni eneo la penalti, mita 16.5 kutoka mstari wa goli. "Sita" ni lile eneo dogo la mita 5.5 mbele ya kipa. "Nguzo ya kwanza" ni iliyo upande wa mpigaji, na "nguzo ya pili" ni ile ya mbali naye.

## Sheria

1. Kona inatolewa lini hasa, na mpira unawekwaje?

Mpira wote ukivuka mstari wa goli, chini au hewani, bila kuwa goli, na wa mwisho kuugusa akiwa wa timu inayolinda. Neno zito hapo ni "wote". Ukibaki hata kipande kidogo juu ya mstari, mchezo unaendelea.

Mpira unawekwa ndani ya ile robo duara ya mita 1, utulie, ndipo upigwe. Wapinzani wanakaa mita 9.15 kutoka kwenye robo duara mpaka mpira uchezwe. Kibendera hakichomolewi wala hakiinamishwi, hata kikikubana mguu. Najua mchangani kinachomolewa kila Jumapili na hakuna anayesema kitu, lakini siku ukikutana na mwamuzi anayejua kazi yake utaona aibu.

2. Ni kweli kipa akikawia na mpira wapinzani wanapewa kona?

Kweli. Tangu Julai 2025, kipa akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde 8, adhabu ni kona. Zamani ilikuwa sekunde 6, na adhabu yake ilikuwa faulo isiyo ya moja kwa moja ndani ya boksi, ile ambayo haifungi mpaka mtu mwingine auguse mpira. Waamuzi waliiona nzito mno, wakawa hawaitoi. Sasa mwamuzi ananyoosha mkono juu na kuhesabu kwa vidole sekunde 5 za mwisho. Kipa wako akiwa na tabia ya kuulalia mpira timu ikiongoza, mweleze leo.

3. Kwenye kona kuna kuotea?

Kona ikipigwa moja kwa moja kwa mtu, hakuna kuotea, hata akiwa amesimama puani mwa kipa. Wengi wanaishia hapo, na ndipo wanaponaswa.

Mpira ukishachezwa na mtu wa pili, sheria ya kuotea inarudi kazini. Anayenaswa mara nyingi ni mpigaji mwenyewe: anatoa kona fupi, anabaki pale pale karibu na kibendera akisubiri arudishiwe, na mabeki wote wanasogea mbele hatua tatu. Akirudishiwa mpira, kibendera cha mshika laini kiko juu. Ukitoa fupi, ingia uwanjani mara moja, nyuma ya mstari wa mpira.

4. Goli la kona ya moja kwa moja linakubaliwa?

Linakubaliwa, ila kwa goli la wapinzani tu. Ukijifunga mwenyewe moja kwa moja kutoka kwenye kona yako, kwa miujiza ya upepo, wapinzani wanapewa kona.

Ruhusa hiyo ilikuja mwaka 1924, na tarehe 2 Oktoba mwaka huohuo Cesáreo Onzari wa Argentina akaitumia dhidi ya Uruguay, waliokuwa wametoka kutwaa Olimpiki. Ndiyo maana hadi leo Amerika ya Kusini wanaliita goli la Olimpiki. Kwenye Kombe la Dunia la wanaume limefungwa mara moja tu: Marcos Coll wa Colombia, mwaka 1962 huko Chile, dhidi ya Umoja wa Kisovieti. Kipa alikuwa Lev Yashin, mmoja wa makipa wakubwa kuwahi kutokea. Colombia walikuwa nyuma 4-1, mechi ikaisha 4-4. Megan Rapinoe wa Marekani amelifunga mara mbili kwenye Olimpiki, London 2012 na Tokyo 2021.

Je, mpigaji alenge hivyo? Hapana. Apige mpira mzuri unaopinda kuingia (swali la 8), na siku kila mtu akiukosa, utaingia wenyewe.

5. Mpigaji anaweza kuugusa mara mbili? Na ule ujanja wa kuugusa na kuondoka?

Hawezi, mpaka mtu mwingine auguse. Akikosea, ni faulo isiyo ya moja kwa moja kwa wapinzani.

Ujanja ni huu: mmoja anausukuma mpira kidogo kwa unyayo, anajifanya kuahirisha na kuondoka, kisha mwenzake anakuja kana kwamba ndiye mpigaji na kuanza kukokota. Kisheria ni halali, mradi mpira umesogea waziwazi. Januari 2009 Wayne Rooney na Ryan Giggs wa Manchester United waliufanya dhidi ya Chelsea, Cristiano Ronaldo akafunga kwa kichwa, na goli likakataliwa. Ukitaka kuujaribu, mnong'oneze mshika laini wa upande ule kabla, la sivyo utamdanganya na yeye pia.

## Thamani ya kona

6. Tunapata kona nyingi na hatufungi. Tuna mkosi?

Hamna mkosi. Kwenye ligi kubwa za Ulaya, ambako kila kona inarekodiwa, wastani ni goli kama 3 au 4 kwa kila kona 100. Chukua timu inayopata kona 5 kwa mechi na ligi ya mechi 30: hizo ni kona 150, magoli 5 hivi kwa msimu mzima. Kwa hiyo uwanja unaposimama kushangilia kona kama penalti, unashangilia kitu ambacho mara nyingi kinaishia kichwani mwa beki.

Lakini wastani huo ni wa wote, wanaofanya mazoezi na wasiofanya. Arsenal msimu wa 2023/24 walifunga magoli 16 ya kona kwenye mechi 38 za ligi. Tena mechi ngumu mara nyingi huamuliwa hapo. Fainali ya Kombe la Dunia 1998, Zidane alifunga magoli mawili ya kwanza kwa kichwa, yote ya kona. Nusu fainali ya 2018, Ufaransa waliitoa Ubelgiji 1-0 kwa kichwa cha Umtiti, kona ya Griezmann. Timu mbili zikifungana kamba miguuni kwa dakika 80, kona ndiyo nafasi pekee ambapo unaupanga mpira kwa mkono wako na wapinzani wanasubiri.

## Mpigaji

7. Nani apige kona zetu?

Anayeweza kurudia. Si nahodha kwa kuwa ni nahodha, wala si fundi wa timu kwa kuwa mashabiki wanampenda. Na yule mrefu mwenye kichwa kizuri asisogelee kibendera kabisa. Nimeona timu ikimpa beki wake wa kati kona apige kwa sababu "ana mguu mzito", halafu ndani hakuna wa kuunganisha.

Kipimo chetu ni rahisi. Tunachomeka mti kwenye pembe ya sita, upande wa nguzo ya kwanza, tunauvalisha jezi ya mazoezi mpaka ufikie urefu wa beki aliyeruka. Mpigaji anapewa mipira 10. Mpira unahesabiwa ukipita juu ya mti na kushuka kabla ya nguzo ya pili. Anayepata 7 ana kazi. Anayepata 4, hata kama moja kati ya hizo ilikuwa ya ajabu na kila mtu akapiga makofi, aendelee na mazoezi.

Watafute wawili, wa mguu wa kulia na wa kushoto, ili muweze kuchagua mpinde wa kila upande.

8. Kona ipinde kuingia golini au kutoka?

Mpigaji wa mguu wa kushoto akiwa kona ya kulia, mpira unapinda kuingia. Wa mguu wa kulia kutoka upande huohuo, unapinda kutoka.

Wa kuingia ni mbaya kwa kipa na mabeki kwa sababu hauhitaji kichwa safi. Mguso wowote, bega, goti la beki mwenyewe, unaweza kuwa goli, na hata usipoguswa unaelekea nyavuni. Ndio chakula cha Arsenal: Bukayo Saka kwa mguu wa kushoto kutoka kulia, Declan Rice kwa mguu wa kulia kutoka kushoto, mpira unashuka ndani ya sita, na Gabriel Magalhães anatokea nyuma ya kundi akiwa tayari hewani. Ubaya wake ni kwamba ukizidi nusu mita umemkabidhi kipa mkononi, na kipa mwenye mpira mkononi anaanzisha kaunta, shambulizi la haraka la kurudi kwenu.

Wa kutoka unamkimbia kipa na kumfuata mshambuliaji. Anayeukuta akija kwa mbio anaupiga kwa paji la uso kwa nguvu zote, na kipa hathubutu kutoka. Ila sasa kichwa lazima kiwe safi kweli, na kutoka mbali zaidi.

Mimi kwa vijana na kwa mchangani nachagua wa kuingia bila kufikiri mara mbili. Makipa wetu wengi ni wazuri mstarini na wanasita kutoka, na msitu wa watu ndani ya sita unawamaliza. Ukiwa na straika mmoja anayeruka kama mbuzi, geuza.

9. Mpira ulengwe wapi?

Kwanza umpite beki wa kwanza. Huo ndio ugonjwa mkubwa wa kona za kwetu, kuliko mambo yote ya mbinu: mpira wa kiunoni, beki wa nguzo ya kwanza anaupiga bila hata kuruka. Kona iliyozidi na kutoka upande wa pili angalau inaweza kuokotwa. Ile ya kiunoni imekufa.

Ukishampita, kuna sehemu tatu zenye maana. Nguzo ya kwanza, ambako mtu anauparaza kwa kichwa kuupeleka nyuma. Katikati ya sita, kwa mpira unaopinda kuingia. Na nguzo ya pili, ambako mabeki huwa wanautazama mpira na kumsahau mtu. Chagua moja kabla ya kupiga, na kila aliye ndani ajue ni ipi.

10. Mpigaji akinyoosha mkono mmoja au miwili, maana yake nini?

Maana yake ni ile mliyokubaliana Alhamisi. Hakuna lugha ya dunia nzima. Wakati mwingine mkono mmoja ni nguzo ya kwanza, wakati mwingine ni "nipo tayari" tu, na timu nyingine zinanyoosha ili kuwachanganya wapinzani.

Sisi tunatumia vituo vya daladala. "Mwenge" ni nguzo ya kwanza, "Kariakoo" ni wote kumbana kipa, "Ubungo" ni fupi. Nguzo ya pili tuliiita "Posta" mpaka wapinzani wakaijua kwa sababu inafanana na posti. Sasa ni "Gongo la Mboto", kwa kuwa ni mbali.

11. Uwanja wetu una mtaro nyuma ya kibendera. Mpigaji hana pa kukimbilia.

Afanye mazoezi ya hatua mbili, kwa pembeni, mguu wa kusimamia ukiwa karibu na mpira. Nguvu ya kona nzuri si ya mbio, ni ya nyonga. Vumbi likiwa jingi, mwageni maji kidogo pale anapokanyaga kabla ya mechi. Mguu wa kusimamia ukiteleza, mpira unapaa hadi kwa majirani. Mvua ikinyesha, usipige kona ya juu sana: mpira uliolowa ni mzito kichwani na mtelezi mikononi mwa kipa, kwa hiyo upige kwa kasi ndani ya sita na muwe tayari kwa mpira utakaomponyoka.

## Ndani ya boksi

12. Wachezaji wetu ni wafupi. Tupige zote fupi?

Hapana. Carles Puyol ana mita 1.78, na ndiye aliyeitoa Ujerumani kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia 2010 kwa kichwa, kona ya Xavi, 1-0. Tazameni alipoanzia: nje kidogo ya boksi. Mabeki wa Ujerumani walikuwa wamesimama, yeye alikuja kwa kasi. Anayeruka akitoka mbio anamzidi aliyesimama, hata kama aliyesimama ni mrefu zaidi.

Wekeni watu mbali na goli, waanze kukimbia mpigaji anapoanza hatua zake, na mbio zisielekee sehemu moja. Ongezeni mpira wa kasi wa nguzo ya kwanza, ambako urefu hauna kazi kubwa kama kuwahi.

13. Kumziba beki njia ili mwenzangu apite ni faulo?

Inategemea ulikuwa umesimama au umejitokeza. Kila mchezaji ana haki ya mahali aliposimama, hata kama yuko njiani kwa mtu. Ukijisogeza makusudi kumkatia mtu njia na mpira uko mbali nanyi, ni faulo; pakiwa na kugusana, ni faulo ya moja kwa moja. Kushika jezi, kukumbatia na kusukuma ni faulo bila mjadala.

Kwa hiyo wafundishe kuwahi mahali, si kumfuata mtu. England 2018 walipanga wachezaji foleni mmoja nyuma ya mwenzake, kama watu wa kituo cha daladala jioni, kisha wakasambaa mpira ulipopigwa. Mabeki wa mtu kwa mtu walishindwa hata pa kusimama. Kati ya magoli 12 ya England kwenye michuano ile, 9 yalitokana na mipira iliyokufa, yaani kona, faulo na kadhalika, penalti zikihesabiwa.

Purukushani kabla mpira haujapigwa haizai faulo wala penalti, kwa kuwa mpira haujaanza kuchezwa. Mwamuzi anaweza kuonya au kutoa kadi, kisha kona inapigwa ileile.

14. Si kipa hagusiki ndani ya sita?

Hilo limeenea mno na halimo kwenye sheria. Ndani ya sita kipa analindwa na sheria zilezile za kusukumwa na kushikwa kama mchezaji mwingine yeyote. Kinga yake ya pekee ni pale anapokuwa ameumiliki mpira kwa mikono: hapo hupaswi kumgombania.

Kusimama mbele yake ni halali. Kumrudia kwa makalio kila akisogea, kumshika mkono, kuruka bila kuutazama mpira, hapo mwamuzi atapuliza. Mwambie mchezaji wako akae na uso kwenye mpira. Akigeuka kumtazama kipa, amejichongea.

15. Kona fupi ina faida gani kweli?

Inawavuta mabeki wawili nje ya boksi na inabadilisha pembe ya krosi. Mabeki wanapotoka mbio kuja kukaba, mpangilio wao unavurugika, na krosi ya sekunde tatu baadaye inawakuta wanarudi nyuma.

Ninachokichukia ni kona fupi isiyo na mpango: pasi, pasi, kurudi kwa kiungo, kurudi kwa beki, mpaka kwa kipa wetu. Kona fupi ipigwe pale tu mnapokuwa wawili dhidi ya mmoja. Wakitoka wawili, mwageni ndani. Na mpigaji akumbuke swali la 3.

16. Wangapi wapande, wangapi wabaki?

Bakiza mmoja zaidi ya wale wapinzani waliowaacha mbele. Wakiacha mmoja, wawili wanabaki. Wakiacha wawili, watatu. Kisha weka mwingine ukingoni mwa boksi kwa ajili ya mpira wa pili, mtu anayeweza kupiga shuti la kwanza au, ikishindikana, kumzuia anayeondoka na mpira. Wengi wanamweka pale mchezaji aliyekosa kazi nyingine. Mimi naweka kiungo mkabaji wangu bora, kwa sababu mipira mingi ya kona inaondoshwa, na inaangukia hapo.

Niliwahi kulisahau hili kwenye nusu fainali ya ndondo, michuano ya mtaani. Tulikuwa 1-1, dakika za nyongeza, tukapata kona, nikapunga mikono miwili wote wapande. Mpira ukagonga beki wa kwanza. Winga wao, kijana mdogo jezi imemzidi, akauokota na kukimbia zaidi ya nusu uwanja peke yake, na kwa jinsi alivyokuwa anageuka nyuma nadhani hata yeye hakuamini. Vijana hawakunilaumu. Mwenye gari tulilokodi ndiye aliyeniuliza njiani, "Kocha, pale nyuma ulimwacha nani?"

## Kulinda kona

17. Tukabe mtu kwa mtu au tulinde eneo?

Mtu kwa mtu kila mmoja anajua wa kwake, na goli likiingia unajua wa kumuuliza. Lakini unamfuata mshambuliaji anakotaka yeye, unaingizwa kwenye kuta za wenzake (swali la 13), na ukiangalia mpira kwa nusu sekunde amekukimbia. Ulinzi wa eneo unaiweka timu pale mpira unapoweza kufunga, macho mbele. Udhaifu wake ni kwamba beki aliyesimama anashindana na mtu anayekuja kwa mbio.

Timu nyingi kubwa zinachanganya. Nasi tunafanya hivyo: wanne wenye vichwa vizuri wanapanga mstari kwenye sita, mwenye kichwa bora kabisa akiwa karibu na nguzo ya kwanza, kwani mpira wa hapo ukipita unavuruga kila kitu. Watatu hawagombanii mpira. Kazi yao ni kuwapunguza mbio wakimbiaji hatari kabla hawajafika. Mmoja ukingoni mwa boksi, mmoja wa kona fupi, mmoja mbele ili wapinzani wasipande wote.

Chochote mtakachochagua, nguzo ya pili isiachwe. Fainali ya AFCON Februari 2024, Nigeria walitangulia kwa kichwa cha Troost-Ekong kutoka kona, Ivory Coast wakasawazisha kwa kichwa cha Kessié, kona pia, akiwa peke yake nguzo ya pili. Wenyeji wakashinda 2-1.

18. Tuweke mtu kwenye nguzo?

Wazee wetu waliweka wawili, siku hizi wengi hawaweki. Goli lina upana wa mita 7.32, na kwa vijana ambao kipa wao hafiki pembe zote, naweka mmoja nguzo ya kwanza. Kwa watu wazima namtoa akagombanie mpira. Kumbuka pia kwamba aliyeganda nguzoni mpira ukiondoshwa anawafanya wapinzani wote wasiwe wameotea, atoke mbio.

19. Taifa Stars walikuwa zaidi ya Zambia kwa mtu mmoja. Ile kona ilifungwaje?

Naulizwa hili kila mara, na bado linauma. AFCON, San Pédro, Januari 2024: Simon Msuva alitufungia dakika ya 11, Zambia wakapata kadi nyekundu kabla ya mapumziko, na dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa kutoka kona ya Clatous Chama, ambaye wakati ule alikuwa mchezaji wa Simba na mguu wake tunaujua kuliko wa jirani zetu. Ungekuwa ushindi wetu wa kwanza kabisa kwenye fainali za AFCON.

Jibu langu ni kwamba kwenye kona, kadi nyekundu inapungua thamani. Timu ya watu 10 inaweza kupeleka boksini watu walewale ambao ingewapeleka ikiwa na 11. Inachopunguza ni walinzi wa nyuma, na dakika ya 88 ikiwa imefungwa haina cha kulinda. Ubora wa namba unauonja kwa kumiliki mpira mbali na goli lako, ili kona zisije. Ikishakuja, mnalingana.

## Dakika za mwisho na mengineyo

20. Kipa apande kwenye kona ya mwisho?

Mkifungwa na muda umeisha, ndiyo. Mkiwa sare, hapana. Fainali ya Ligi ya Mabingwa 1999, Manchester United walikuwa nyuma 1-0 kwa Bayern, na Peter Schmeichel akapanda kwa kona ya Beckham. Mabeki wakababaika, Sheringham akasawazisha. Dakika mbili baadaye kona nyingine ya Beckham, Sheringham akaugusa kwa kichwa, Solskjær akamalizia, 2-1. Kwa kona hiyo ya pili Schmeichel alikuwa golini kwake.

21. Lazima tusubiri filimbi?

Si lazima, isipokuwa mwamuzi amesimamisha kwa sababu fulani, kama kubadilisha mchezaji au kuonya watu. Tarehe 7 Mei 2019, Anfield, Trent Alexander-Arnold alianza kuondoka kwenye kibendera, akaona Barcelona wamelala, akarudi na kuupiga haraka. Divock Origi akaweka la nne, na Liverpool waliokuwa wamefungwa 3-0 Hispania wakasonga mbele. Wakenya wanaikumbuka kwa sababu yao wenyewe: baba yake Origi, Mike Okoth, alichezea Harambee Stars.

22. Kona ikitolewa kimakosa na goli likaingia?

Goli linasimama mwamuzi asipobadili uamuzi kabla kona haijapigwa. Samatta alionja hilo Wembley, Machi 2020, fainali ya Kombe la Ligi akiwa Aston Villa. Rodri wa Manchester City alifunga kwa kona ambayo ilipaswa kuwa mpira wa goli, na VAR, wale waamuzi wa video, wakati ule haikuruhusiwa kuangalia kona. Samatta alifunga, City wakashinda 2-1.

23. Kocha wa mipira iliyokufa anafanya nini siku nzima?

Anatazama video za wapinzani, anatafuta beki anayelala na kipa anayesita, na anatunga mipango miwili mitatu ya wiki. Nicolas Jover, Mfaransa aliyepita Brentford na Manchester City kabla ya kwenda Arsenal mwaka 2021, ndiye maarufu zaidi. Kabla yake, Midtjylland wa Denmark walitwaa ubingwa wao wa kwanza msimu wa 2014/15, kona na faulo zikiwa sehemu kubwa ya silaha zao. Mchangani kazi hii mpe msaidizi wako, ambaye pengine sasa anagawa maji tu.

24. Mazoezini tutenge muda gani?

Dakika 20 mara moja kwa wiki, siku mbili kabla ya mechi, mwisho wa mazoezi lakini kabla watu hawajachoka kabisa. Mipango miwili, si sita. Pitieni kwanza bila mabeki mpaka mbio zikae, kisha wekeni mabeki wanaokaba kweli. Punguza mipira ya kichwa kwa walio chini ya miaka 12. Vichwa vyao vidogo havihitaji mipira 40 kwa siku, wao wapige fupi na za chini.

Mpigaji abaki dakika 10 zaidi na ule mti wenye jezi. Akiuliza kwa nini yeye peke yake, mwambie mipira ya kuokota ni minne tu, na anayeiokota ni wewe.